Matundu ya Ghala la Pembe

Kwa miaka kumi na mmoja nimewadanganya watoto wa darasa la tano, na niliwadanganya vizuri. Walikuja uani kwangu na sare zao na madaftari yao, nikawapanga kivulini, nikawapa maji, halafu nikawapeleka kwenye chumba cha nyuma chenye mlango wa mninga. "Hili ndilo ghala la pembe," niliwaambia. "Baba wa bibi yangu, Mzee Shaban, aliweka humu pembe za ndovu zikisubiri msafara wa kwenda pwani." Waliandika. Mwalimu wao alitabasamu. Kisha niliwagawia asali, kijiko kimoja kila mtoto, maana mimi ni muuza asali, na mtoto wa Tabora asiyeijua asali ya miombo anatia aibu.

Naitwa Najiat binti Issa. Nina miaka sitini na saba, na naishi kwenye nyumba ya ukoo nyuma ya soko, tembe la zamani ambalo siku hizi limeezekwa bati. Mume wangu alishafariki, na watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, wananikumbuka siku za sikukuu. Nyumba si yangu peke yangu. Kaka yangu Nurdini anakaa Ipuli kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma, lakini hapa kwetu haupigiliwi msumari ukutani bila yeye kuulizwa.

Watoto wanaletwa na kitu kinachoitwa Mpango wa Njia ya Msafara. Mtu mmoja huko juu aliona kwamba watoto wa Tabora wanajua majina ya wafalme wa Ulaya na hawajui nani alipita mbele ya mlango wao na mzigo kichwani. Wazo zuri, sikatai. Basi watoto wanatembezwa: kwangu kwanza, kisha Kwihara kwenye nyumba ya makumbusho, kisha wanarudi shuleni kufundishwa habari za wapagazi na habari za utani, ule utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo na Wagogo uliozaliwa kwenye njia ile ile. Mwisho kila mtoto anaenda kumuuliza mkubwa wa nyumbani kwao, anaandika ukurasa mmoja. Sita walioandika vizuri wanapandishwa treni hadi Kigoma kuiona Ujiji. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuka Urambo, hiyo ni safari ya kuota.

Mwaka huu, kwenye kundi la shule moja ambayo siitaji, kulikuwa na msichana mwembamba aliyeitwa Doto. Wenzake walikuwa wanaandika ninayosema. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

"Bibi, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Pembe zinapumua?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Nilimuuliza kwa nini anauliza.

"Kwa sababu kuna matundu," alisema.

Yapo, kweli. Matano, kwenye ukuta wa mashariki, usawa wa bega la mtu aliyekaa chini. Kila moja limezungushiwa kipande cha mninga kilichozamishwa kwenye udongo, na kila moja linapitisha vidole vitatu au vinne. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtoto aliyeyauliza, wala mwalimu, wala wale wataalamu waliokuja na kamera zao. Nilimwambia ni matundu ya hewa ili panya wasizaliane. Sijui hata ilitoka wapi hiyo. Doto alichuchumaa, akaingiza vidole vyake kwenye tundu la katikati, akavisugua polepole.

"Huku chini ni laini," alisema. "Huku juu kunakwaruza."

Niliwaambia tutoke, asali inawasubiri.

Baada ya siku kumi Mwalimu Alois, anayesimamia mpango kwenye shule yao, alikuja kwangu na daftari mkononi. Alois ni kijana wa watu, Mkatoliki mchamungu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Anaipenda historia kwa moyo wote, na mimi ananiheshimu kama mama yake mzazi, jambo lililofanya kila kitu kiwe kigumu zaidi. Hakukaa. Alifungua daftari akanisomea:

"Bibi yangu Recheli wa Itetemia amesema ghala lile halikuwa la pembe. Lilikuwa la watu. Bibi yake yeye, jina lake Kalunde, alifungwa humo na wengine. Walikuwa wanatoa vidole nje kwenye matundu ili wajue kama jua limetoka."

Akalifunga daftari.

"Bibi, naomba unisamehe. Hii ni kashfa juu ya nyumba yako, na imetoka kwenye darasa langu. Nimemuuliza mara tatu kama amezua, anasema hapana. Sasa siku ya kilele cha mpango inafanyika hapa hapa uani kwako, mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam, na kijitabu chenye hadithi ya ghala kinaenda kupigwa chapa kwa shule zote. Nimeamua. Doto atasimama mbele ya wageni akuombe radhi. Akikataa, nafasi yake ya Ujiji inakwenda kwa mwingine, na kwenye taarifa yake nitaandika kwamba ni mzushi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nimelifikiria jambo hili kwa namna zote, na kila mara narudi pale pale: mwalimu amesimama uani, daftari kwapani, na mimi nina mdomo wangu mzima usio na kidonda. Nilisema, "Huyo mtoto ana akili." Yeye akaitikia, "Ndiyo tatizo lake," akaniaga.

Nilipaswa kusema kwa sababu Doto hakuzua. Mwaka ule wa mvua za elnino, siku tatu kabla ya kufariki, mama yetu alituita mimi na Nurdini akatueleza. Mama wa bibi yetu aliitwa Faida. Hilo si jina aliloitwa na mama yake, ni jina alilopewa sokoni. Alitolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa na umri wa kama huyu Doto, akavushwa, akapitishwa Ujiji, akatembezwa mpaka hapa, akafungwa kwenye chumba kile pamoja na wengine miezi miwili. Wenzake walipelekwa pwani. Yeye Shaban alimbakiza. Alipokua alimfanya suria, naye Faida akamzalia bibi yetu. Kwa hiyo mimi nina damu ya aliyeweka komeo na ya aliyekuwa ndani, na hakuna asubuhi ninayopita mbele ya mlango ule bila kujua hivyo. Mama alimaliza kueleza, akatushika mikono. "Hili lisivuke kizingiti," alisema. Tukaahidi wote wawili.

Nurdini alikuwa na sababu yake, na siwezi kumdharau. Alipokuwa na miaka ishirini na minne alipeleka posa kwenye nyumba moja ya hapa mjini. Binti alimtaka, mahari yakazungumzwa, halafu ghafla barua ikarudishwa. Mjumbe alinong'ona tu kwamba wenye binti hawachanganyi damu na uzao wa suria. Nurdini hakuelewa, akadhani ni matusi ya watu wenye kiburi. Alielewa miaka mingi baadaye, pale kitandani kwa mama. Tangu siku ile amekuwa mtu wa kujenga jina: mzee wa msikiti, msuluhishi wa ndoa za watu, Nurdini kitukuu cha Shaban mwenye pembe. Ghala la pembe alilibuni yeye. Mimi nilikuwa mdomo wake.

Nurdini alikuja jioni ya siku ile ile aliyokuja mwalimu, amefurahi. Alikuwa ameshaongea na watu wa mpango: kibao cha shaba kitabandikwa juu ya mlango wa mninga, kimeandikwa Ghala la Pembe la Shaban. Nilimweleza habari ya mtoto.

"Mwalimu amekwishalimaliza hilo," alisema.

"Mtoto anasema kweli, kaka."

"Watoto wanasahau. Ataomba radhi dakika moja, ataenda kucheza." Akaniangalia. "Wewe uliahidi, Najiat. Mama anakusikia."

Kila nilipogeuka nilikuta ukuta. Nikisema, namvua nguo kaka yangu mbele ya mji uliokwishamvua mara moja, na namvunjia mama ahadi ambayo hawezi tena kunisamehe. Nisiposema, mtoto wa miaka kumi na mmoja atasimama uani kwangu, kwenye kivuli changu, aitwe mzushi kwa kuwa ameona nilichokificha. Na nani atamwita hivyo? Mwalimu mwema anayedhani ananitetea. Nilikosa hata mtu wa kumkasirikia, na mimi nisipokuwa na wa kumkasirikia sipati usingizi.

Siku mbili kabla ya kilele nilisikia hodi. Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kitenge, ana kikapu cha karanga.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Karibu."

"Mimi ni Recheli, bibi yake Doto. Nimetoka Itetemia. Sikuja kugombana, dada. Nimekuja kuuona mlango tu, kama utaniruhusu. Nimeusikia tangu niko mdogo."

Nilimpeleka. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akautazama mninga, akalitazama komeo, lile gogo zito lililoegemezwa ukutani kwa nje. Alizunguka upande wa mashariki akayaona matundu. Aliyagusa moja moja kwa kiganja. Mimi nilibaki nyuma yake nimeshika karanga zake.

"Bibi yangu Kalunde alikuwa na rafiki humu," alisema hatimaye. "Msichana aliyetoka ng'ambo ya ziwa. Hawakujuana lugha. Walikuwa wanapeana zamu kwenye tundu la katikati. Kalunde walipomtoa kwenda pwani alitoroka porini, akaishia kwa wamisionari, ndiyo maana sisi ni Wamoraviani. Kalunde hakujua yule rafiki aliishia wapi. Mpaka anazeeka alikuwa anamuuliza kila mtu atokaye mjini."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Na hapo hapo pikipiki ya Nurdini ikaingia uani, ameleta mafundi wa kupima mahali pa kibao. Akatusalimu vizuri, akamuuliza mgeni habari za mashamba, akasimama kati yetu, akabaki hapo.

Recheli alijifunga vizuri kitenge chake. "Doto ataomba radhi," aliniambia wakati wa kuagana. "Nimemwambia aombe. Tunaishi na watu. Ila nakuomba jambo moja, dada. Akishaomba, usimwite mwongo. Hata mdomoni tu, usimwite."

Karanga zile sikuzila mpaka zikaingia wadudu.

Siku ya kilele ilikuwa Jumamosi asubuhi. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma, watoto sitini wamekaa chini kwa mistari. Mgeni rasmi aliitwa Bwana Adinani, Mzaramo mcheshi mwenye tumbo la kutosha. Alipopewa kipaza sauti hakuanza na itifaki. Alianza na sisi.

"Nimefurahi kurudi kwa watumwa wangu," alisema. "Hawa Wanyamwezi babu zangu waliwapokea pwani na mizigo yao, wanatweta, wakawapa maji. Bila sisi wangekufa na kiu. Mpaka leo hawajalipa."

Watu walicheka sana, na wazee wa kwetu wakamjibu kwamba Mzaramo hajawahi kubeba hata ungo. Hivyo ndivyo tulivyo. Mtani anakuita mtumwa msibani, harusini, hata ofisini, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Mwalimu Alois alikuwa anawaonyesha watoto kwa kidole: sikilizeni, mlifundishwa, huo ndio utani wenyewe.

Kisha alimwita Doto. Msichana alitoka mstarini akaja mbele, mikono mgongoni, soksi zimepanda mpaka magotini, nyeupe mno, mtu alizifua jana kwa uchungu. Ratiba ilisema ataomba radhi, halafu wageni watakwenda kuliona ghala, halafu kibao. Aliinua uso akanitazama. Sikuona chuki. Alikuwa ananisubiri tu, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mkubwa wake amalize kuongea.

Nilisimama.

"Mwalimu, ngoja," nilisema. "Kabla huyu hajasema, mimi nina neno. Mimi ni kitukuu cha mtumwa. Mama wa bibi yangu aliitwa Faida, alifungwa kwenye chumba kile. Hakuna pembe iliyowekwa mle. Waliwekwa watu."

Kisha Bwana Adinani alipiga paja lake.

"Mnaona? Amekiri mwenyewe. Andikeni, watoto. Nilisema ni wangu hawa."

Uani kote kulilipuka kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu nyuma alisema huyu bibi kiboko, amemjibu mtani wake mpaka amemaliza. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba sitanii, na hilo ndilo lililowavunja mbavu kabisa, kwa sababu mtani hodari husema hivyo hivyo. Nilimtafuta Nurdini kwa macho. Alikuwa kiti cha mbele, kanzu nyeupe, anacheka kuliko wote na kupiga makofi, na jasho linamtiririka kwenye paji la uso.

Ulikuwa ukweli wa mara ya kwanza katika miaka yangu yote, na hawakuwa na mahali pa kuuweka. Nilikaa chini. Sijawahi kujisikia mdogo vile. Mwalimu Alois alingoja kicheko kipungue, akamshika Doto begani. "Haya, Doto. Sema sasa."

Doto alifungua mdomo.

"Wageni kwanza," nilisema.

"Bibi, ratiba..."

"Nyumba ni yangu, Mwalimu. Wageni wakaone ghala kwanza, ndipo mtoto aseme. Wajue anaomba radhi ya nini." Nilimpa mkono Bwana Adinani. "Karibu, mtani. Karibuni wote wakubwa. Kaka, njoo, wewe ndiye mwenye kulijua."

Waliingia: mgeni rasmi, Mwalimu Alois, mwalimu mkuu, wazee wawili wa mtaa, mpiga picha, na Nurdini mbele yao akieleza jinsi pembe zilivyopangwa kwa ukubwa. Watu saba kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu. Waliinamisha vichwa kwenye kizingiti. Mimi nilisimama kando kuwapisha, na alipopita wa mwisho niliusukuma mlango. Mninga ule hausukumiki kirahisi, lakini nilikuwa na nguvu za miaka kumi na mmoja. Nikaliinua komeo, nikaliweka mahali pake. Lilishuka na sauti ambayo nadhani haikuwa imesikika uani kwetu tangu Wajerumani.

Kwanza walicheka. Nilimsikia Adinani akisema huyu mtani ameshinda, leo ameshinda. Kisha akagonga. "Haya, Bibi, umeshinda, fungua." Sikufungua, na waliobaki chini ya turubai walidhani bado ni utani. Nilikwenda upande wa mashariki, nikawaita watoto waje, wakaja wote sitini wakasimama nyuma yangu, na Recheli, aliyekuwa amekaa na wazazi wengine, akaja nyuma yao. Ndani walikuwa wanagongana. Mtu aliwasha simu, mwanga ukapita kwenye matundu, ukazimika. Mtu akakohoa kwa vumbi. Mlango ulipigwa bega mara mbili, na mninga haukujua hata kama umeguswa.

Kicheko kiliisha. Sijui kiliisha lini hasa. Mwalimu Alois aliita, "Bibi? Bibi Najiat?" kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto. Halafu vidole vikatoka. Kwanza kwenye tundu la kulia, vinene, vya mgeni rasmi. Kisha kwenye matundu mengine. Vilitoka nje vikakaa juani, vinatafuta hewa, na watoto waliviona, hakuna aliyecheka. Kwenye tundu la katikati vilitoka vidole vyenye pete ya fedha, na mimi ile pete naijua, ni ya baba.

"Najiat, fungua," alisema Nurdini.

"Niambie kwanza, kaka. Humo ndani paliwekwa nini?"

"Najiat, nakuomba. Siwezi kuvuta pumzi."

"Paliwekwa nini?"

Nilisikia pumzi yake, fupi fupi. Ana miaka sabini na mmoja na niliogopa, nasema kweli, miguu yangu ilishaanza kwenda mlangoni. Kisha alipiga kelele, akasahau walio naye, akasahau kila kitu:

"Ulimwahidi mama. Ulimwahidi kitandani kwake kwamba hutalisema la Faida. Tuliahidi wote."

Nilimsikia Recheli nyuma yangu akivuta pumzi. "Faida," alilirudia jina polepole. "Ng'ambo ya ziwa."

"Ndiye," nilimwambia. "Aliishia hapa hapa. Alizeekea uani hapa. Mama alisema mpaka anakufa alikuwa anakaa upande huu wa ukuta kila asubuhi, na hakuna aliyejua anangoja nini."

Recheli alikaa chini pale pale kwenye vumbi akajifunika uso kwa kitenge.

Nilikwenda mlangoni. Komeo lilikataa kunyanyuka. Doto alikuja bila kuitwa, akaweka bega chini ya gogo, tukaliinua pamoja, likaanguka. Walitoka mmoja mmoja wakifumba macho kwa jua. Bwana Adinani alinipita, akasimama, akavua kofia yake. Mpiga picha alikuwa na kamera shingoni na hakuigusa. Mwalimu Alois alitoka na ukungu wa vumbi kwenye shati lake lililonyooshwa. Alikwenda mezani, akachukua daftari, akalifungua penye ukurasa wa Doto, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Wasomee," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Doto alianza kusoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyempelekea kipaza sauti, na hakikuhitajika.

Nilihesabu waliotoka. Sita. Nilirudi kizingitini nikachungulia. Nurdini alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kanzu yake nyeupe imechafuka udongo, mkono wake bado uko kwenye tundu la katikati, vidole nje. Kule uani walimjua sasa wote, mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri, na yeye alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

"Kaka," nilimwambia. "Mlango uko wazi."

"Nauona," alijibu, na hakuinuka.